Paa Lililokosa Mabega

Tangu nirudi, kila anayepita mlango wa jiko la shule ananiuliza, "Wandera, vipi huko?" Nami nimekuwa nikijibu "salama" na kuendelea kumenya viazi. Najua salama si jibu. Kwa hiyo nimeketi kuandika yote mara moja, ili wenzangu wa jikoni msome kwa zamu halafu mniache nipike. Habari za ruhusa na tikiti naziacha, maana mliniona nikihangaika nazo hata mkachoka nami.

Safari ilikuwa ya kwenda Paya, upande wa Uganda, mbele ya Tororo, kumsaidia shangazi yangu kupandisha paa. Kwetu Samia shangazi tunamwita senge, na huyu ni Senge Nabwire, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa na Mpadhola, mtu wa kabila la huko, kabla mimi sijazaliwa. Mumewe alikwisha kufa. Mchwa walikula nguzo za nyumba yake mpaka upande mmoja ukaanguka, akawa analala jikoni pamoja na kuku na wajukuu. Mtu mmoja wa huko aliyepita Nairobi aliniletea neno kwa mdomo: kuta mpya zimesimama, paa linafungwa, mvua zi karibu, njoo uongeze bega. Nami nikadhani kweli naenda kuongeza bega moja kwenye mengi.

Nairobi hadi Kisumu

Treni yetu ilikuwa ya wazee. Sikutambua hilo mwanzoni. Nilifurahi tu kupata nafasi ya kunyoosha miguu, jambo ambalo katika daraja la tatu si la kawaida. Halafu, kwenye kituo kimoja kidogo juu ya milima, tulisimamishwa muda mrefu kungoja treni ya kutoka magharibi ipite. Ilipofika nilitoa kichwa dirishani. Lo! Vijana watupu. Walijaa madirishani, walikaa milangoni, wengine walikuwa wamebeba viatu mkononi ili visichakae kabla ya kuonekana Nairobi. Walikuwa wakiimba. Upande wetu hakuna aliyeitikia, isipokuwa mama mmoja aliyeuliza kama kuna mtu wa Butere humo ndani.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa hoteli miaka mingi. Alikuwa amestaafu, na mali yake yote ilikuwa sanduku la bati na saa ya ukutani aliyoipakata mapajani. Alinipa yai la kuchemsha na chumvi katika karatasi.

"Nilitoka kwetu na meno yote," akasema, akiangalia wale vijana. "Wameyamaliza Nairobi, sasa wananirudisha kwa mama watoto nikatafuniwe."

Nilicheka, naye akacheka. Baadaye nilimwona akiifuta ile saa kwa kofia yake, taratibu, na machozi yanamlengalenga.

Kisumu hadi Busia

Basi lilipasuka gurudumu mara mbili. Mara ya kwanza tulinunua miwa, mara ya pili tulinunua samaki mkavu, na kama lingepasuka tena nadhani tungenunua shamba tukakaa. Tulifika Busia jua limepinda, nikaingia kwenye kibanda cha chai kilicho upande wa Kenya. Niseme kama mpishi: ile haikuwa chai. Ilikuwa maji yaliyosikia habari za majani.

Kati ya upande mmoja na mwingine kuna kipande cha njia kisicho na gari, na pale vijana wana baiskeli zilizofungwa mto nyuma kwa ajili ya abiria. Wako wengi kupita kiasi. Mmoja, shati lake limefunguliwa vifungo vyote, alishika mfuko wangu kabla sijasema neno.

"Kiwandani, sivyo?" akauliza. "Kule Osukuru, kwenye mbolea?"

"Naenda Paya."

Akasimamisha baiskeli kabisa. "Paya kuna nini? Mimi ni wa huko huko karibu, na hakuna kitu. Sema ukweli, mzee, unatafuta kazi. Lakini wanataka vijana. Wewe umechelewa kidogo."

Nina miaka arobaini, na mwalimu wetu mkuu bado ananiita kijana. Nilimwambia apeleke baiskeli, asipeleke mdomo. Akanicheka njia nzima. Nilimwuliza shamba la kwao analima nani, akajibu kwa furaha tu, "Nyanya yangu iko."

Busia hadi Tororo, na kwa miguu hadi Paya

Nilipata lori la magunia na nikakaa juu ya magunia hayo. Njiani tulipita karibu na vilima vya Osukuru, na hapo barabara ilichangamka ghafla: maduka yenye rangi mpya, redio zinalia, msichana ana mwavuli wa maua ingawa hakukuwa na mvua wala jua kali. Nililala Tororo chini ya ule mwamba wao, nikala ndizi na maharage, na asubuhi nikashika njia ya Paya.

Kadiri nilivyoendelea ndivyo kulivyonyamaza. Mashamba ya pamba yalikuwa yamerudi vichaka. Duka moja la njiani lilikuwa limefungwa, na kwenye kizingiti chake kuku alikuwa ameatamia mayai kwa raha zake. Niliona bibi anapalilia akiwa ameketi chini, anajivuta mbele kidogo kidogo na jembe la mpini mfupi, na kando yake mtoto wa kutambaa amefungwa kamba kiunoni asiende mbali.

Nikafika kwenye mji mmoja wa nyumba chache kuuliza njia. Nilikuwa nimevaa koti langu la kwendea kanisani, na mfuko begani. Mama mwenye mji aliponiona alitupa ungo, akaja mbio mpaka mbele yangu.

"Hapa kijana hapana!" akasema. "Ote nakwisha kwenda. Iko mimi na mzee yangu, basi. Rudi!"

"Mama, mimi natafuta njia tu."

"Ile ingine pia nasema njia tu. Jioni naondoka na Okello na ndugu yake, nasema kazi ya sukari. Mpaka leo."

Kumbe alinidhania mwandikishaji wa vibarua. Watu wa koti na mfuko, walipopita huko, waliondoka na watoto wa watu. Nilipotaja jina la Senge Nabwire, alishika mdomo kwa aibu, kisha akaita kuelekea ghala la wimbi. Akatoka mwanawe aliyekuwa amejificha nyuma ya ghala hilo. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, akitembea kwa fimbo. Hata huyo, mama yake alikuwa anamwogopea asichukuliwe. Alinikaribisha uji wa wimbi wenye ndimu, mzito na mzuri kweli.

Paya

Senge Nabwire alinishika uso kwa mikono miwili kama anakagua tikiti maji. Amekuwa mdogo. Nilimwacha mwanamke wa kunibeba, nikamkuta ananifika kifuani. Lakini sauti ni ile ile, na mizaha ni ile ile. "Nairobi wanakulisha vizuri," akasema kwa Kisamia chetu, "kesho tutakuona kama hicho kitambi kinabeba au kinabebwa."

Akanionyesha nyumba. Kuta za mviringo, fito na udongo, zimekandikwa vizuri na wanawake wenzake, wote wa umri wake. Na kando yake, chini, paa. Yafaa niwaeleze, maana nyinyi wa mabati hamjui. Kule paa la nyumba ya mviringo hufungwa chini kwanza, mbavu tupu bila nyasi. Siku ya kulipandisha pombe hupikwa, watu huja, hulizunguka bega kwa bega, mmoja huanzisha wimbo, likainuka na kutembea mpaka kwenye kuta. Nyasi huja baadaye. Hakuna anayelipwa. Anayeinua leo atainuliwa lake kesho.

Aliyelifunga ni Mzee Owor, fundi aliyefunga mapaa yote ya upande ule, na aliyejifunza Kiswahili jeshini wakati wa vita. Nililizunguka paa lake. Mafundo yalikuwa safi, lakini lilikuwa kubwa mno.

"Mzee, mbona pana hivi?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Hii ni kipimo yake. Mama ya watoto wanaume nyumba yake nakuwa hivi. Mimi nafunga ndogo, watu nasema nini? Nasema Nabwire hapana zaa?"

Na Senge naye akaitikia kwamba hawezi kulala kwenye nyumba ya ukubwa wa kapu wakati amezaa wanaume wawili. Kwa hiyo walipima kama walivyopima siku zote. Pombe pia alipika kama siku zote, mitungi imepangwa kwa idadi ya watu wa zamani. Kuta walizipima na miti wakaihesabu. Mabega tu ndiyo hawakuyahesabu, kwa sababu tangu dunia iwe dunia hakuna mtu wa Paya aliyewahi kuhesabu mabega.

Asubuhi wakaja. Wazee walikuja na mirija yao ya pombe na fimbo. Bibi walikuja na wajukuu mgongoni na wengine mkononi. Yule mama wa jana alikuja na mwanawe wa mguu mfupi. Watoto walikuja wengi, wanapiga kelele. Nilisimama nikiwatazama, na ndipo moyo ulipoanguka: wapo wa kubebwa na wapo wa kushikwa mkono, wa katikati hawapo. Nilikuwa kijana kuliko wote wenye nguvu pale, mimi na kitambi changu.

Mzee Owor akaanzisha wimbo. Tukaingiza mikono chini ya ukingo. Likainuka hadi magotini, nikasikia mzee wa kulia kwangu anapumua kama mvukuto. Likafika kiunoni upande wangu, upande wa pili likabaki chini, likaanza kuzunguka. Mzee mmoja aliteleza, akakaa kitako. Tukaliachia. Tulijaribu tena baada ya kupumzika, na tena baada ya pombe, na mara ile ya mwisho halikutoka hata ardhini. Wakakaa kuzunguka mitungi, wakatia mirija na kunywa polepole, na pombe ilikuwa nyingi hata ikabaki. Sijawahi kuona karamu ya huzuni kama ile.

Nilipendekeza tufungue paa, tulifunge upya juu ya kuta, mti mmoja mmoja. Mzee Owor akauliza ni nani atapanda. Nikasema mimi. Nikaweka mguu ukutani, udongo ukabomoka na fito mbili zikavunjika chini yangu, nikashuka. Kuta zile zilijengwa kushikiliwa na paa, bila paa hazina nguvu.

"Nenda kwa Othieno," Senge akasema. Huyo ni mwanawe wa pili, yuko kiwandani Osukuru. Wa kwanza yuko Kampala na hajaonekana siku nyingi. "Mwambie alete wenzake. Wa Paya peke yao huko wanatosha kubeba kanisa."

Paya hadi Osukuru

Na kweli wanatosha. Nilifika wakati zamu inatoka, wakapita getini mbele yangu kwa makundi, vumbi jeupe kwenye nyusi, wanacheka, wanasukumana. Nilitafuta mtu mwenye mvi nimwulize, sikumpata. Ukiacha Mhindi wa duka, nadhani mzee wa mahali pale siku ile nilikuwa mimi. Kuna shule mpya, kuna mabomba, kuna bucha mbili zinazotazamana. Dukani majembe yalining'inia yakiwa na utando wa buibui, baiskeli zikinunuliwa.

Nilikasirika, nawaambieni wazi. Mahali penye vijana duka linafunguliwa, na likifunguliwa vijana wanazidi kuja. Paya inazaa, inalea, inatibu surua na kuuguza malaria, na mtoto akishapata mabega anakuja kuyatumia huku. Akiisha choka ndiyo anarudishwa kule. Lakini nimkasirikie nani? Mimi mwenyewe nimekaa Nairobi tangu ujana.

Othieno alinikumbatia, akanipeleka kantini akaninunulia nyama na ugali mweupe. Nilipomaliza kueleza, aliacha kula.

"Kaka, hapa ukikosa zamu moja, getini wako wanaongoja nafasi yako. Umewaona?"

Nilikuwa nimewaona, wamechuchumaa kando ya ukuta.

"Jumapili tutakuja," akasema. "Mimi nitakusanya wa kwetu wote. Mwambie mama apike tena pombe."

Jumapili

Senge akapika tena, kwa wimbi la mbegu. Baada ya kanisa watu walikuja na nguo zao nzuri, wakakaa wakitazama njia. Walikaa sana. Mwishowe baiskeli moja ikaonekana, na juu yake watu wawili: Othieno, na nyuma yake mwenzake. Mtambo uliharibika, wote wakaitwa kazini, hao wawili wakatoroka. Walileta mkate, sukari na kopo la mafuta ya kupikia.

Tukajaribu. Mabega ya wale vijana wawili yalikuwa kitu kingine kabisa, jamani. Upande wao lilipanda mpaka juu ya kichwa, na upande wetu tukajikaza hata nikaona nyota. Lilitembea. Hatua moja, ya pili, bibi wakaanza vigelegele. Kisha mzee mmoja magoti yakamwisha, na likashuka kwetu, na wao wakalazimika kushusha. Othieno aliketi juu ya ukingo wa paa akalia mbele ya watu, mwanamume mzima.

"Wiki ijayo naacha zamu," akamwambia mama yake. "Nikifukuzwa, nifukuzwe. Nitakaa mpaka lipande." Wakaondoka kabla ya jioni, wanakimbilia zamu.

Mvua ilianza kesho yake mchana. Hakuna aliyeshangaa, tulikuwa tumeiona ikija. Tulisimama mlangoni mwa jiko, mimi, Senge na wajukuu, tukatazama kuta zikinywa maji kutoka juu. Udongo ulitelemka kwanza kidogo kidogo, kisha kwa mapande, na fito zikabaki wazi. Mvua ilipopungua, Senge akanigeukia.

"Waite," akasema. "Tuezeke hapo hapo chini."

Waliezeka kwa siku mbili, kati ya mvua na mvua, na kazi hiyo wazee waliiweza, maana hakukuwa na kupanda. Bibi walikata nyasi, watoto walibeba. Likawa paa zuri, zito, limekaa ardhini kama kofia iliyomdondoka mtu mkubwa. Kulikosekana mlango. Senge akamletea Mzee Owor panga, mzee akatikisa kichwa.

"Hata mbuzi nyumba yake iko na ukuta," akasema. "Mimi hapana kata paa yangu. Kata wewe."

Akageuka akaenda kusimama mbali, ametupa mgongo. Nikakata. Nilikata mbavu alizozifunga na nyasi alizozipanga, na kila panga lilipogonga niliona mabega yake yakishtuka. Senge aliingia kwa magoti na mkeka wake, wajukuu wakamfuata wakicheka, kwao ni mchezo. Kisha akaniita niingie ninywe chai. Mle ndani niliweza kusimama wima katikati tu. Hapakuvuja.

Kurudi

Ruhusa yangu ilikuwa imekwisha. Senge alinisindikiza mpaka kwenye njia, amenifungia kumbikumbi wa kukaanga kwenye jani.

"Utapita Osukuru," akasema. "Othieno akikuuliza, mwambie limepanda. Mwambie watu wa upande wa Kwapa walikuja wakasaidia. Asiache zamu."

"Senge, ataona mwenyewe siku akija."

"Akija atakuwa bado ana kazi. Mwambie."

Basi nililopanda Tororo lilisimama mbele ya kiwanda kuchukua watu. Othieno alikuwa getini na wenzake, wanangoja kengele. Aliponiona dirishani alikuja mbio, akashika chuma cha dirisha.

"Kaka! Paa?"

"Limepanda," nikasema. "Watu wa Kwapa walikuja."

Alifumba macho, akashukuru Mungu kwa sauti. Aliniuliza kama linavuja, nikasema halivuji. Aliniuliza kama mama amefurahi, nikasema sana. Kengele ikalia, akaachia dirisha, akarudi kinyumenyume akipiga kelele ili nimsikie: amepata mchumba, msichana wa Mbale, na Krismasi atampeleka Paya akamwonyeshe nyumba ya mama.